Betri za lithiamu: Aina za seli, jinsi zinavyoundwa na hatari zake

BETRI ya lithiamu imekuwa sehemu ya maisha ya kila siku bila wengi kutambua. Imo ndani ya simu ya mkono, kipakatalishi, tochi na taa ya sola katika kijiji kisichofikiwa na nyaya za umeme. Siku hizi imo pia chini ya kiti cha pikipiki ya umeme inayobeba abiria jijini Nairobi. Hata hivyo, wengi wanaoinunua, na hata baadhi ya mafundi wanaoifungua, huifahamu kwa sura yake ya nje tu.

Kutojua huko kuna gharama. Seli isiyofaa kwa kazi iliyopewa hufa kabla ya wakati wake, nayo iliyochajiwa kinyume cha maumbile yake huweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Isitoshe, masoko yamejaa seli zenye maandishi ya uongo, na mnunuzi asiyejua kinachowezekana na kisichowezekana hulipia nguvu ambazo hazimo ndani.

Seli na betri

Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kitaalamu, seli ni kitengo kimoja kinachohifadhi umeme, ilhali betri ni seli moja au zaidi zilizounganishwa pamoja na vifaa vya kuzilinda. Simu ya mkono aghalabu huwa na seli moja. Kipakatalishi hutumia tatu, nne au sita. Gari la Tesla Model S, lililoanza kuuzwa mwaka wa 2012, lilibeba zaidi ya seli 7,000 ndogo katika matoleo yake makubwa.

Ni muhimu pia kutofautisha makundi mawili yanayobeba jina la lithiamu. Kundi la kwanza ni seli za lithiamu tupu, mathalani kile kidonge bapa cha CR2032 kinachowekwa katika saa na funguo za magari. Hizo hutumika mara moja na kutupwa, wala hazipaswi kuchajiwa kamwe. Kundi la pili, ambalo ndilo mada ya makala haya, ni seli za ioni za lithiamu, ambazo huchajiwa na kutumiwa tena mamia au maelfu ya mara.

Chimbuko lake

Utafiti wa betri hizi ulishika kasi katika miaka ya 1970, wakati ulimwengu ulipokumbwa na uhaba wa mafuta. Stanley Whittingham, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Exxon nchini Marekani, aliunda betri iliyotumia lithiamu tupu upande mmoja na madini ya titani na salfa upande wa pili. Ilifanya kazi, lakini lithiamu tupu ilikuwa hatari. Kila ilipochajiwa, ilichipuza miiba midogo iliyoweza kuvuka hadi upande wa pili na kuzua moto.

Mnamo 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford waligundua kwamba oksaidi ya kobalti na lithiamu ingeweza kutoa volti nyingi zaidi. Katika kipindi hicho, Rachid Yazami, mwanasayansi wa Morocco aliyekuwa akifanya utafiti mjini Grenoble, Ufaransa, alithibitisha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya grafiti bila kuiharibu. Grafiti ni aina ya kaboni, ile ile inayotumiwa katika kalamu za risasi.

Mwaka wa 1985, Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei nchini Japani aliunganisha oksaidi ya kobalti na kaboni, akapata betri isiyokuwa na lithiamu tupu hata kidogo. Kampuni ya Sony iliuza betri ya kwanza ya aina hiyo mwaka wa 1991, nayo ikatumiwa katika kamera za video. Mwaka wa 2019, Goodenough, Whittingham na Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Goodenough, aliyekuwa na umri wa miaka 97, alikuwa mtu mzee zaidi kuwahi kupokea Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 100.

Sehemu nne muhimu

Kila seli ya ioni za lithiamu, iwe kubwa au ndogo, ina sehemu nne kuu.

Ya kwanza ni kathodi, yaani upande chanya. Huu ni unga wa madini yenye lithiamu uliopakwa juu ya ukanda mwembamba wa aluminiamu. Ya pili ni anodi, upande hasi, ambao kwa kawaida ni grafiti iliyopakwa juu ya ukanda wa shaba. Kanda zote mbili ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu.

Uteuzi wa metali hizo mbili haukufanywa kwa kubahatisha. Aluminiamu ikiwekwa upande wa anodi huchanganyika na lithiamu na kuvunjikavunjika. Shaba nayo ikiwekwa upande wa kathodi huyeyuka kwa sababu ya volti nyingi za upande huo. Ndiyo maana kila moja ikapewa makao yake.

Sehemu ya tatu ni kitenganishi. Hii ni karatasi ya plastiki yenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na unene wake aghalabu huwa kati ya mikromita 10 na 25. Kazi yake ni kuzuia pande hizo mbili zisigusane, huku ikiruhusu ioni kupita. Ya nne ni elektroliti, kiowevu kinacholowesha sehemu zote. Kiowevu hicho ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika kemikali zinazotokana na kaboni. Si maji, kwa sababu maji yangechanganuliwa na volti za seli hiyo. Kwa bahati mbaya, kemikali hizo hushika moto.

Seli inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika kathodi, huvuka elektroliti na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti. Inapotumiwa, hurejea zilikotoka. Mkazi wa Mombasa anaweza kulifananisha jambo hili na kivuko cha Likoni. Ioni ni abiria wa feri wanaovuka maji asubuhi na kurudi jioni. Elektroni zimekatazwa feri, hivyo hulazimika kuzunguka nchi kavu kama malori yanayopitia barabara ya Dongo Kundu. Nchi kavu hiyo ni waya wa nje, na ni katika mzunguko huo ndipo elektroni huwasha taa au kuendesha mota.

Kuna kitu cha tano ambacho hakiwekwi na mtengenezaji bali hujiunda chenyewe. Seli inapochajiwa kwa mara ya kwanza, sehemu ndogo ya elektroliti huchanganuka na kufanya utando mwembamba juu ya grafiti. Utando huo huruhusu ioni kupita lakini huzuia elektroliti isiendelee kuharibika. Seli isiyokuwa na utando mzuri haidumu. Hata hivyo, utando huo huzidi kunenepa kadiri miaka inavyosonga, na kila unaponenepa humeza sehemu ya lithiamu. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya simu ya miaka mitatu ikose kukaa na chaji kama ilipokuwa mpya.

Jinsi seli inavyotengenezwa

Kiwandani, unga wa kathodi huchanganywa na kaboni nyeusi ya kupitisha umeme, gundi maalumu na kiowevu hadi ukawa uji mzito. Uji huo hupakwa juu ya ukanda wa aluminiamu, hukaushwa katika tanuri refu, kisha hupitishwa kati ya magurudumu mazito ili ushindiliwe. Anodi hupitia hatua kama hizo kwenye ukanda wa shaba.

Baada ya hapo kanda hukatwa kwa vipimo, kitenganishi huwekwa katikati, na tabaka zote huviringishwa pamoja kama mkeka au kupangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu. Vipande vidogo vya metali huchomelewa ili kutoa umeme nje. Fungu hilo huingizwa katika mkebe au kifuko, hutiwa elektroliti na kuzibwa. Kazi ya kutia elektroliti hufanywa katika chumba kilichokaushwa hewa yake, kwa kuwa unyevu ukikutana na chumvi ile huzalisha asidi kali.

Hatimaye seli huchajiwa polepole kwa mara ya kwanza ili utando uliotajwa ujiunde, kisha huachwa kwa siku kadhaa huku ikichunguzwa. Inayopoteza volti zake bila kutumiwa huwa na kasoro ndani na hutupwa. Hatua hii ni ghali na huchukua muda, na mtengenezaji anayeiruka hupeleka sokoni seli ambazo kasoro zake zitagunduliwa na mteja.

Kwamba usafi ni jambo la kufa na kupona kulidhihirika mwaka wa 2006, wakati mamilioni ya betri za vipakatalishi zilizokuwa na seli za Sony ziliporudishwa kiwandani. Chembechembe ndogo za metali zilikuwa zimeingia ndani ya seli wakati wa utengenezaji.

Aina kulingana na kemikali

Tofauti kubwa kati ya seli moja na nyingine hutokana na madini ya kathodi. Wauzaji huzitambulisha kwa herufi tatu.

LCO ni oksaidi ya kobalti, kemikali ile ya Goodenough ya mwaka wa 1980. Hubeba kawi nyingi katika nafasi ndogo, na kwa hivyo hupendwa katika simu na vipakatalishi. Volti zake za kawaida ni 3.6 au 3.7, na hujaa zikifika 4.2, ingawa baadhi ya seli za simu za kisasa zimeundwa kustahimili volti 4.4 au zaidi. Udhaifu wake ni bei ya kobalti na kutostahimili joto. Ikipata joto kupita kiasi, hutoa oksijeni ambayo huchochea moto.

LMO hutumia manganisi. Iliibuka kutokana na utafiti wa Michael Thackeray, mwanasayansi wa Afrika Kusini aliyeshirikiana na Goodenough mjini Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni nafuu na hutoa umeme mwingi kwa mkupuo, lakini huzeeka upesi mahali penye joto.

NMC huchanganya nikeli, manganisi na kobalti. Watengenezaji wameendelea kuongeza nikeli na kupunguza kobalti, ndiyo sababu mtu hukutana na tarakimu kama 111, 622 au 811, zinazoonyesha uwiano wa madini hayo matatu. Hutumiwa sana katika magari na pikipiki za umeme. Jamaa yake ni NCA, yenye nikeli, kobalti na aluminiamu, ambayo Tesla na Panasonic waliitumia kwa miaka mingi.

LFP hutumia fosfati ya chuma. Iligunduliwa na kundi la Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990. Volti zake ni 3.2 tu, na hujaa zikifika takriban 3.65. Kwa uzani ule ule hubeba kawi kidogo kuliko NMC. Lakini ina sifa tatu zinazoipa nafasi katika mazingira ya Afrika Mashariki: haina kobalti wala nikeli, huchajiwa mara 2,000 au zaidi kabla ya kuchoka, na oksijeni yake imefungwa imara na fosfati hivi kwamba si rahisi kuwaka. Hupatikana katika mitambo ya sola ya nyumbani na katika mabasi ya umeme.

LTO hutofautiana na nyingine zote kwa kuwa mabadiliko yake yako upande wa anodi, ambapo grafiti imeondolewa na kuwekwa titani. Huchajiwa kwa dakika chache na kudumu zaidi ya mara 10,000. Hata hivyo, volti zake ni takriban 2.4 tu, ni nzito na ni ghali.

Vilevile, kuna jina ambalo huwatatiza wengi, nalo ni polima ya lithiamu. Nyingi ya seli zinazouzwa kwa jina hilo si kemikali tofauti. Ni LCO au NMC iliyofungwa katika kifuko laini, wakati mwingine elektroliti yake ikiwa imefanywa nzito kwa polima.

Aina kulingana na umbo

Seli za duara, zenye umbo la kopo, ndizo kongwe. Jina lake huwa ni vipimo vyake. Seli ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, nayo tarakimu ya mwisho huonyesha kwamba ni ya duara. Ya 21700 ina kipenyo cha milimita 21 na urefu wa 70. Ile ya 4680, iliyotangazwa na Tesla mwaka wa 2020, ina kipenyo cha milimita 46 na urefu wa 80.

Ndani yake kanda zimeviringishwa, na mkebe wake wa chuma chenye nikeli ndio upande hasi. Jambo hili husahauliwa na mafundi wengi. Kwa vile mkebe mzima ni hasi na kifuniko cha juu ni chanya, ni karatasi ndogo tu ya duara na ile plastiki ya nje zinazozitenga pande hizo mbili shingoni. Plastiki hiyo ikichanika, metali yoyote itakayogusa hapo huzua cheche. Chini ya kifuniko, seli bora huwa na vifaa vya usalama: kidude kinachopunguza umeme joto likipanda, swichi inayokata umeme shinikizo likizidi, na tundu la kupumulia gesi.

Seli za mstatili hufungwa katika sanduku gumu, aghalabu la aluminiamu. Hupangika bila kuacha nafasi na seli moja huweza kubeba ampia-saa 100 au zaidi. Ndizo zinazoonekana katika betri nyingi kubwa za LFP. Zinahitaji kubanwa kwa fremu, kwani huvimba kidogo zinapojaa.

Seli za kifuko hazina mkebe. Hufungwa katika karatasi ya aluminiamu iliyofunikwa kwa plastiki, na vipande viwili vya metali hujitokeza ukingoni. Ni nyepesi na huweza kupewa umbo lolote, ndiyo sababu simu bapa huzitumia. Udhaifu wake ni kwamba hutoboka kwa urahisi. Elektroliti inapochanganuka, gesi hukosa pa kutokea na kifuko hufura. Simu ambayo kioo chake kimeanza kuinuka mara nyingi huwa na seli iliyofura, na haifai kuchajiwa tena wala kubanwa ili irudi mahali pake.

Kusoma maandishi ya seli

Ujazo wa seli hupimwa kwa miliampia-saa. Ili kujua kawi halisi, ujazo huo huzidishwa kwa volti. Seli ya volti 3.6 na miliampia-saa 3,000 ina wati-saa 10.8, na kwa hivyo huweza kuwasha taa ya wati 2 kwa takriban saa tano.

Hapa ndipo udanganyifu unapofichuka. Seli halisi za 18650 kutoka kwa watengenezaji wanaoaminika aghalabu hubeba kati ya miliampia-saa 2,000 na 3,500. Hata hivyo, masokoni huuzwa seli za ukubwa huo zilizoandikwa 6,000 au hata 9,900. Hakuna kemikali inayotumika leo inayoweza kutoshea kiasi hicho ndani ya mkebe huo. Uzani nao ni shahidi, kwani seli halisi ya 18650 huwa karibu gramu 45 au zaidi. Iliyo nyepesi mno huenda ina seli ndogo iliyofichwa ndani, na nafasi iliyosalia kujazwa kitu kingine.

Hesabu hiyo hiyo huwasaidia wasafiri. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 ibebwe na abiria ndani ya ndege bila idhini maalumu, na hukataza betri za akiba ndani ya mizigo inayowekwa chini. Betri ya akiba ya simu yenye miliampia-saa 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74.

Kutoka seli hadi betri

Seli zikiunganishwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti hujumlishwa. Zikiunganishwa sambamba, ujazo ndio hujumlishwa. Seli nne za LFP kwa mfuatano hutoa volti 12.8, ambazo zinaweza kuchukua nafasi ya betri ya kawaida ya sola ya volti 12. Seli 20 za NMC kwa mfuatano hutoa volti 72, zinazofaa pikipiki.

Tatizo ni kwamba seli hazilingani kama mapacha. Katika mfuatano, ile dhaifu hujaa kwanza na kuisha kwanza. Chaja inayopima volti za betri nzima haiwezi kuiona. Hivyo basi, kila betri huhitaji saketi ya kuilinda inayopima kila seli, kusawazisha volti na kukata umeme mambo yakiharibika. Betri isiyo na saketi hiyo haifai kutumiwa, hata kama inaonekana kufanya kazi vyema.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka katika ukanda huu. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka wa 2022. Kampuni ya Ampersand, iliyoanzia jijini Kigali, Rwanda, huendesha vituo ambapo mwendeshaji boda boda hubadilisha betri iliyoisha na kupewa iliyojaa, katika miji ya Kigali na Nairobi. Mpango kama huo humwondolea mwendeshaji mzigo wa kumiliki betri, ambayo ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za pikipiki.

Kinachoua seli na kinachoiwasha

Joto ndilo adui wa kwanza. Simu iliyoachwa juani katika dashibodi ya gari, au betri ya sola iliyofungiwa chini ya bati lisilo na dari, huzeeka haraka hata isipotumiwa. Adui wa pili ni kuiacha imejaa kabisa kwa muda mrefu. Seli itakayowekwa bila kutumiwa hudumu zaidi ikiwa na nusu ya chaji yake, mahali penye baridi kiasi.

Adui wa tatu ni kuimaliza kupita kiasi. Volti zikishuka sana, ule ukanda wa shaba huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti. Seli hiyo ikichajiwa tena, shaba hujikusanya mahali pasipofaa na huweza kuunganisha pande mbili. Ndiyo sababu desturi ya baadhi ya mafundi ya kuifufua seli iliyokufa kwa kuigusisha na betri yenye nguvu ni ya hatari. Huenda ikaonekana kupona, kisha ikawaka siku nyingine usiku inapochajiwa.

Kuchaji nako kuna kanuni. Chaja sahihi hutoa umeme wa kiwango kimoja hadi seli ifike volti zake za mwisho, kisha hushikilia volti hizo huku umeme ukipungua. Chaja iliyoundwa kwa betri ya asidi na risasi, au chaja ya NMC ikitumiwa kwa LFP, huweza kuvuka mpaka huo. Ioni zikilazimishwa kuingia katika grafiti iliyojaa, hujitanda juu yake kama lithiamu tupu, na hatari ile ya miaka ya 1970 hurejea.

Moto wa betri huanzia ndani. Joto likipita takriban nyuzi 100 za sentigredi, ule utando wa anodi huwa umeanza kuvunjika na kuzalisha joto zaidi. Karibu nyuzi 130, kitenganishi huanza kuyeyuka, na pande mbili zikagusana. Kathodi nayo huachilia oksijeni, na kuanzia hapo seli hujichochea yenyewe bila kuhitaji hewa ya nje. Seli jirani hupokea joto hilo na kufuata. Mwaka wa 2013, ndege zote za Boeing 787 zilizuiwa kuruka baada ya betri za LCO kupata hitilafu ya aina hiyo katika ndege mbili. Mwaka wa 2016, kampuni ya Samsung iliacha kabisa kuuza simu yake ya Galaxy Note 7.

Gesi zinazotoka ni sumu na huweza kulipuka. Betri ikianza kufoka moshi, la busara ni watu kutoka nje, kufunga mlango na kuita wazima moto. Maji mengi ndiyo hutumiwa na wazima moto kupoza seli, na betri iliyozimwa huweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo, haifai kuchajia betri ya pikipiki mlangoni au kwenye ngazi ambazo ndizo njia ya pekee ya kutokea.

Seli zilizotumika

Si kila seli iliyotoka katika kipakatalishi kibovu imekufa. Mara nyingi ni moja tu iliyoharibika, na mafundi wa jua kali huzitoa nyingine na kuunda tochi au betri za sola. Kazi hiyo ni ya manufaa ikifanywa kwa vipimo. Fundi makini hutupilia mbali seli yenye kutu, iliyobonyea au iliyoshuka chini ya volti 2. Zilizosalia huzichaji, hupima ujazo wa kila moja, na kuziacha wiki mbili ili kuona kama zitapoteza volti. Kisha huunganisha zinazolingana na kuzifunga kwa saketi ya ulinzi. Hachomelei moja kwa moja kwa kutumia jiko la risasi, kwani joto lake huharibu kitenganishi. Hutumia mashine ya kubana na kuchomelea nukta.

Zisizofaa hazipaswi kutupwa jaani wala kuchomwa. Vituo vyake hufunikwa kwa utepe wa plastiki, kisha hupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za umeme walioidhinishwa. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 huwabebesha wazalishaji jukumu la bidhaa zao hata baada ya kutumika.

Kuna sababu nyingine ya kutozitupa. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hasa katika eneo la Kolwezi na viunga vyake, ambako watu wengi huzungumza Kiswahili na ambako baadhi ya wachimbaji wadogo huingia mashimoni bila vifaa vya kujikinga. Tanzania nayo ina grafiti Mahenge na nikeli Kabanga. Kobalti, nikeli na shaba iliyomo katika seli kuukuu haijapotea. Huweza kutolewa na kutumiwa tena katika seli mpya, mradi seli hiyo imefika mikononi mwa wanaojua kuifungua.